Taa au redio: magari yetu yaonyane kwa njia gani?

Shofere yeyote wa barabara ya Lubumbashi–Kasumbalesa, inayotoka kwetu Kongo kwenda mpaka wa Zambia, anajua kusema kwa taa. Gari linalokuja likikumulika mara mbili mchana kweupe, unapunguza mwendo: mbele kuna roulage, yaani polisi wa barabarani, au kamio (lori) limekufa na mwenyewe ametandaza matawi barabarani. Lori unalolifuata likiwasha indiketa ya kulia mahali pasipo na njia ya kukata, linakuruhusu upite; likiwasha ya kushoto, linakwambia subiri. Mkorogo unaanzia hapo. Zambia wanaendesha upande wa kushoto, na shofere aliyejifunzia kule amezoea kinyume chake: kwake indiketa ya kushoto ndiyo inayosema pita. Akivuka mpaka na mazoea yake, taa ileile inabeba maana mbili, na anayeumia ni mwenye gari dogo aliyeko nyuma yake.

Kwa hiyo wazo la kuyaacha magari yenyewe yapashane habari, bila kungoja tafsiri ya mtu, lina kazi hapa kuliko inavyodhaniwa. Njia zinazoshindana ni mbili. Ya kwanza inatumia mwanga unaoonekana: taa za LED za gari zinawaka na kuzima maelfu au hata mamilioni ya mara kwa sekunde, upesi kiasi kwamba jicho linaona taa imetulia tu, na gari jingine linausoma mpigo huo kwa fotodiodi, kifaa kidogo kinachogeuza mwanga kuwa umeme, au kwa kamera. Ya pili ni redio: kila gari lina antena inayotangaza mahali lilipo, mwendo wake, na kama linafunga breki. Ninaandika nikiwafikiria watu watatu: mwenye malori yanayokwenda Kolwezi na Kasumbalesa, msimamizi wa magari ndani ya mgodi, na mwanafunzi wa uhandisi wa Polytechnique pale UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, anayetafuta mada ya kazi ya mwisho. Sina jibu moja la kuwatosha wote.

Kuna hoja ya kutupa mapema, ile ya kwamba mwanga una kasi kuliko redio. Vyote viwili ni mawimbi ya ukoo mmoja na vinakimbia kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Wingi wa data nao usimtishe mtu. Ujumbe wa usalama ni mfupi, baiti mia chache zinazorudiwa mara 10 kwa sekunde, na njia zote mbili zinaumudu. Kinachozitenganisha ni nani anayeupata. Redio ni mtu anayepaza sauti katikati ya soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi: wanamsikia hata walio nyuma ya vibanda, watake wasitake. Mwanga unamfikia anayekutazama tu. Karibu kila faida na kila kasoro nitakayoitaja inatoka hapo.

Taa inayoweza kusema na isiyoweza

Kutuma ujumbe kwa mwanga si jambo la juzi. Mwaka 1880, mjini Washington, Alexander Graham Bell na msaidizi wake Charles Sumner Tainter walirusha sauti ya mtu juu ya mwale wa jua kwa umbali wa zaidi ya mita 200, wakitumia kioo chembamba kilichotetemeshwa na sauti. Kilichokosekana ni taa inayotii upesi. Balbu ya halojeni, ambayo bado imejaa kwenye magari ya mitumba yanayoingia kwetu, ina waya unaotoa mwanga kwa sababu ni wa moto. Ukiukatia umeme unapoa taratibu, haukatiki papo hapo, kwa hiyo huwezi kuupepesa mara laki moja kwa sekunde. LED unaweza, kwa kuwa mwanga wake hautokani na joto.

Hata LED hazilingani. Nyeupe ya taa za mbele kwa kawaida ni LED ya buluu iliyofunikwa kwa fosfori ya manjano, unga unaong'aa ukipigwa na mwanga huo. LED hiyo ya buluu ndiyo iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Lakini fosfori inachelewa kuzima, na ucheleweshaji huo unapunguza kiasi cha ujumbe kinachoweza kupita, isipokuwa mpokeaji aweke kichujio kinachoruhusu buluu peke yake. Taa nyekundu za nyuma hazina mzigo huo: wekundu unatoka moja kwa moja kwenye LED. Wengi wakisikia habari hii hufikiria taa kubwa za mbele. Mimi ningeanza na za nyuma, kwa sababu zinamtazama anayekufuata, na anayekufuata ndiye anayepaswa kujua kwanza kwamba umekanyaga breki. (Zile LED nyeupe za kubandika zinazopofusha wanaokuja, tuziache, zina kesi yao nyingine.)

Kikwazo ni kwamba mchana taa zimezimwa. Ili gari liseme saa sita, taa lazima iwake, japo kwa uhafifu. Ulaya ilianza kuzoea: tangu 2011 aina mpya za magari lazima ziwe na taa za mchana upande wa mbele. Kwetu lori la jicho moja halimshangazi mtu, na taa ya nyuma ikishafunikwa na tope la Novemba haisemi lolote, si kwa lugha ya zamani wala ya mpya.

Kiwango cha kimataifa kipo, IEEE 802.15.7, kilichotolewa mwaka 2011 na kupanuliwa mwaka 2018 ili kamera nazo zitumike kupokea. Magari, hata hivyo, hayajakifuata madukani. Mazungumzo ya gari kwa gari kwa taa bado ni kazi ya maabara na majaribio ya barabarani.

Redio imetangulia, ila ina lugha nyingi

Redio iko mbali zaidi. Marekani ilitenga masafa ya gigahezi 5.9 kwa ajili ya magari mwaka 1999. Mwaka 2010 kikaja kiwango cha 802.11p, ndugu wa Wi-Fi aliyeondolewa hatua ya kutambulishana: magari mawili yanayopishana hayana muda wa kuombana ruhusa ya kuunganishwa, yanatangaza tu. Toyota ilianza kuuza magari yenye mfumo wa namna hii Japani mwaka 2015, na Volkswagen iliuweka kwenye Golf ya kizazi cha nane, iliyotoka mwishoni mwa 2019.

Tatizo ni kwamba Japani walichagua megahezi 760 na Ulaya gigahezi 5.9. Kisha, kuanzia 2017, ukaja mfumo mwingine uliozaliwa na teknolojia ya simu, C-V2X, ambao nao unaruhusu gari kusema na gari moja kwa moja bila mnara, lakini hauelewani na 802.11p hata yakiwa kwenye masafa yaleyale. Mwaka 2020 Marekani ilibadili mpango wake: kati ya megahezi 75 zilizotengwa, 45 zikapewa Wi-Fi na 30 zilizobaki zikaelekezwa kwa C-V2X.

Sasa weka hayo kwenye barabara yetu, ambako gari moja limetoka Japani, la pili Ubelgiji, na lori lililo mbele yao limetoka Afrika Kusini. Hata siku magari yenye redio hizi yatakapokuwa mitumba na kufika Lubumbashi, kila moja litakuja na lugha ya kwao. Mwenye gari atadhani ana ulinzi, kumbe amezungukwa na mabubu. Hapo ndipo ninapoishuku redio, na wala si kwenye fizikia yake.

Kuna na suala la ruhusa. Masafa ya redio nchini Kongo yako chini ya ARPTC, mamlaka ya kusimamia posta na mawasiliano, na anayetaka kutangaza kwenye masafa fulani hujibu kwao. Kanuni za kimataifa za redio zinaishia gigahezi 3,000, ilhali mwanga unaoonekana unaanzia karibu gigahezi 400,000. Hakuna anayeomba masafa kwa ajili ya kuwasha taa.

Vumbi, jua, mvua

Hapa redio inashinda waziwazi. Urefu wa wimbi la gigahezi 5.9 ni kama sentimita 5. Chembe ya vumbi jekundu linaloinuka kwenye barabara za udongo kuanzia Mei ni ndogo mno kwa wimbi la ukubwa huo. Linapita kana kwamba hakuna kitu. Mawimbi ya mwanga unaoonekana yana urefu wa nanomita 380 hadi 750, chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa mwanga, chembe ileile ya vumbi ni jabali: inauzuia, inautawanya, na sehemu ya mwanga wako mwenyewe inarudi kukumulika. Ukungu wa alfajiri hufanya hivyohivyo. Kwa hiyo pale jicho la shofere linaposhindwa, mwanga nao unashindwa, na pale ndipo msaada ulipotakiwa. Sijaona jibu la kuridhisha kwa pingamizi hilo, na kwa barabara ya wazi ndilo linaloniamulia.

Jua ni adui wa aina nyingine. Haliuzibi ujumbe, linaugharikisha. Fotodiodi inapigwa na mwanga mwingi kiasi kwamba mpepeso mdogo wa taa unazama ndani ya kelele, na likiingia moja kwa moja kwenye lenzi, kifaa kinajaa kabisa na hakisomi chochote. Barabara yetu kuu inaelekea kaskazini-magharibi ukitoka Kasumbalesa kupitia Lubumbashi hadi Likasi. Anayesafiri upande huo jioni ya kiangazi ana jua usoni, na kifaa chake cha kupokea kina jua usoni vilevile. Dawa zipo: kichujio cha rangi, lenzi yenye upeo mwembamba, au kamera inayotenga kipande cha picha chenye taa na kile chenye jua. Kamera ndiyo bora kwa hili, ila ya kawaida inapiga picha 30 kwa sekunde, na hilo linabana kiasi cha ujumbe.

Mvua haina makali kama vumbi. Matone ni makubwa na yameachana, kwa hiyo mwanga unapungua lakini unapita, mradi taa na lenzi visiwe na tope.

Hesabu ya kulipita lori

Chukua gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa. Linakata mita 22 kwa sekunde. Likikutana na jingine la mwendo huohuo, yanakaribiana kwa mita 44 kila sekunde. Taa ya gari nje mchana hufikisha ujumbe kwa makumi ya mita, na mita 100 ni matokeo mazuri: maana yake sekunde mbili na kidogo kabla ya kugongana. Redio inayofika mita 300 inakupa karibu sekunde 7, na mahali pa wazi inaweza kufika mbali zaidi ya hapo. Kulipita lori refu kunaweza kuchukua sekunde 10. Sekunde mbili zinatosha kusali, hazitoshi kurudi nyuma ya lori.

Halafu lori lenyewe ndilo ukuta. Gari linalokuja liko nyuma ya trela, hulioni na taa zake hazikufikii. Redio nayo hudhoofika ikikuta bodi la chuma, lakini huakisiwa na kujipenyeza pembeni, na mara nyingi ujumbe unafika. Kwenye kona zenye vichaka ni vilevile.

Mwanga una ujanja wake: kupokezana. Lori la mbele linaona gari linalokuja, linamwambia wa nyuma kupitia taa nyekundu, naye anamwambia anayemfuata, yote ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Ni ile indiketa ya kuruhusu kupita, iliyoondolewa utata wa Zambia na Kongo. Ila mnyororo unahitaji kila pete. Gari moja lisilo na kifaa katikati, na habari zinaishia hapo.

Pikipiki zimesahaulika na njia zote mbili. Manseba, yaani mwendesha pikipiki ya abiria, anapenya ubavuni, mahali ambapo taa za mbele hazimuliki na za nyuma hazionekani. Redio ingempata, kama pikipiki yake ingekuwa nayo.

Foleni ya Kasumbalesa

Geuza sasa mazingira. Foleni ya malori mpakani inaweza kujipanga kwa kilomita kadhaa. Kila moja likitangaza mara 10 kwa sekunde kwenye njia moja ya redio, jumbe zinaanza kugongana hewani, na mifumo ya redio imewekewa kanuni za kupunguza matangazo pale njia inapojaa. Mwanga haujui msongamano huo: taa ya lori inamfikia jirani yake, na lori la mita 200 mbele linaweza kusema wakati uleule bila kumsumbua mtu.

Mwanga pia unajua ujumbe umetoka wapi. Redio inasema "niko hapa" kwa kutegemea setilaiti, na kosa la mita chache ni la kawaida, wakati njia moja ya barabara haizidi mita tatu na nusu hivi. Je, lori lililofunga breki liko mbele yangu au linakuja upande wa pili? Kamera inayosoma taa haina shaka hiyo, kwa kuwa ujumbe umetoka kwenye taa ile inayoiona.

Na kuna wizi. Malori ya shaba yana thamani, na kila mwenye msafara analijua hilo. Mtu mwenye kifaa cha kuvuruga mawimbi anaweza kuinyamazisha redio ya msafara mzima akiwa ndani ya kichaka. Kuuvuruga mwanga kungemlazimu aelekeze taa yake kwenye kipokezi cha lori, akiwa anaonekana. Ujumbe wa uongo nao ni vigumu kuuingiza. Kwa redio, kinga ni vyeti vya kidijitali vinavyothibitisha kwamba anayetangaza ni gari la kweli, na vyeti vinahitaji mamlaka ya kuvitoa na kuvifuta.

Mgodini

Ndani ya uzio wa mgodi mambo yanageuka. Mwenye magari ni mmoja, kwa hiyo hakuna mabubu: anafunga vifaa vilevile kwenye kila lori na kila jipu. Mwendo ni mdogo, njia zinajulikana. Chini ya ardhi, kama kwenye mgodi wa zinki wa Kipushi, ulioanza tena uzalishaji mwaka 2024 baada ya kusimama tangu 1993, hakuna jua la kugharikisha fotodiodi na hakuna setilaiti ya kuiambia redio mahali ilipo. Taa zinawaka saa zote. Taa zilizofungwa ukutani zinaweza kutoa jina la mahali zilipo, na gari likajua liko njia panda gani. Vumbi linabaki, na kona zinabaki, lakini adui wawili wakubwa wameondoka.

Mashimo ya wazi yana sababu yao ya pekee. Karibu na sehemu inayotegwa baruti kwa detoneta (vilipushi) za umeme, vifaa vinavyorusha mawimbi ya redio vinawekewa mipaka, kwa hofu kwamba nyaya za detoneta zitayadaka mawimbi kama antena. Mwanga hauna hatari hiyo. Kwa upande mwingine, shimo la wazi lina vumbi kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo nisingeuacha mwanga peke yake huko.

Nani achukue nini

Mwenye malori ya barabara kuu: kati ya hizi mbili, redio, bila kusita, kwa sababu ya vumbi na ile hesabu ya sekunde 7. Lakini fedha yako ya mwaka huu nisingekushauri uipeleke kwenye yoyote kati yake. Zote zinangoja jirani naye awe na kifaa, na jirani hana. Rada ya mbele inayokuonya umekaribia mno haimngoji mtu, na mawimbi yake ya milimita chache hupita kwenye vumbi. Pamoja nayo, LED nzima za nyuma zinazofutwa kila asubuhi, na mikanda inayoakisi ubavuni mwa trela. Ukiwa na msafara wako mwenyewe unaotembea pamoja, hapo redio kati ya malori yako ina maana tangu siku ya kwanza, na mwanga unaweza kuwa njia ya akiba redio ikivurugwa.

Msimamizi wa mgodi: chini ya ardhi, anza na mwanga na uweke redio pale kona zinapokatisha. Shimo la wazi, kinyume chake: redio kwanza, mwanga kwa malori yanayofuatana na kwa eneo la baruti.

Mwanafunzi: chukua mwanga. Redio ya magari itakufunga kwenye moduli ghali na maswali ya masafa, na mwisho utakuwa umepima kazi ya kiwanda cha mtu mwingine. Kwa mwanga unahitaji taa ya nyuma ya LED kutoka duka la vipuri, transista ya kuiwasha na kuizima, fotodiodi, lenzi, kichujio chekundu na kidhibiti kidogo. Tumia msimbo ambao muda wa kuwaka na wa kuzima unalingana, ili taa isionekane ikicheza. Mpepeso ulio chini ya mara 200 kwa sekunde jicho linaweza kuukamata. Kisha fanya kile ambacho maabara nyingi za Ulaya na Japani hazina nafasi nzuri ya kukifanya: pima makosa ya ujumbe kwa mita 10, 30 na 50, saa sita na saa kumi na moja jioni, kwenye barabara ya udongo mwezi wa nane lori likiwa limetoka kupita. Pima na vumbi lenyewe kwa wakati uleule, la sivyo namba zako hazitalinganishwa na za mtu mwingine.